Kilti Yangu na Watoto wa Muleba

Binti yetu wa kwanza alipopona surua alikataa kula. Homa ilikuwa imeshuka, vipele vimeanza kukauka, na mganga wa zahanati alishatuambia hatari imepita, lakini mtoto aligeukia ukutani akafumba mdomo. Mama yake alimpikia uji wa ulezi. Akamponda ndizi laini kwa maziwa, akamkaangia dagaa wa ziwani aliokuwa akiwapenda. Hakugusa. Kila nilipotoka darasani mchana nilikuta bakuli limejaa vilevile, na mke wangu amekaa ukingoni mwa kitanda akimwangalia tu. Ilikuwa masika, na Muleba ina baridi ya mvua inayopanda kutoka ziwani. Mikono ya mtoto ilikuwa imebaki kama vijiti. Surua ilishachukua watoto wa majirani mwaka huo, na mimi nilikuwa naogopa hata kumtazama sana, nisije nikaona kitu ambacho mama yake hajakiona.

Jioni moja, kwa kukosa la kufanya, nilifungua sanduku langu la bati nikatoa kilti.

Kilti ni vazi la wanaume wa Uskoti. Ni kitambaa kizito cha sufu chenye mistari ya rangi inayokatana. Unakizungusha kiunoni, mbele kimenyooka, nyuma kimekunjwa marinda, na kinafika magotini. Mtu asiyejua ataiita sketi, na kwetu hakukuwa na anayejua. Mimi niliipata hukohuko. Miaka michache baada ya uhuru nilipelekwa kusomea ualimu kwa mwaka mmoja, nikapanga chumba kwa bibi mmoja mjane. Wajukuu zake ndio walionifundisha kuivaa, siku ya harusi ya mjomba wao, wakinizunguka na kunisahihisha huku wanacheka mpaka wanakaa chini. Nilipokuwa naondoka yule bibi alinipa ile ya marehemu mumewe. Niliipokea kwa mikono miwili, nikaizamisha chini kabisa ya sanduku, na tangu nirudi sikuwahi kuivaa.

Niliona haya, lakini zaidi niliogopa. Ilikuwa miaka ya ujamaa, na mimi ndiye niliyekuwa nafundisha siasa darasa la sita na la saba. Mimi ndiye niliyesimama ubaoni nikaandika kwa herufi kubwa KASUMBA YA UKOLONI, nikawaeleza watoto maana yake. Siku za gulio vijana wa Chama walikuwa wanasimama stendi kukagua mavazi. Nilishuhudia kijana mmoja aliyeshuka kwenye basi la mjini akipitishiwa chupa ya soda ndani ya suruali, kupima kama imebana. Chupa ilikwama pajani. Wakamchania suruali ile hadi gotini, watu wakashangilia, naye akawa anajifunika kwa shati huku machozi yanamtoka. Nilirudi nyumbani siku ile nikaenda moja kwa moja kuangalia kufuli ya sanduku.

Lakini jioni ninayoisimulia sikuwa na nafasi ya kufikiria vijana wa stendi. Nilifunga dirisha, nikavaa kilti na soksi ndefu, nikaingia chumbani nikiwa nimenyoosha mikono kama wale wajukuu walivyonifundisha kucheza.

Binti yangu aligeuka kutoka ukutani.

"Tata," aliniita, yaani baba kwa Kihaya. Sauti ilikuwa imekwaruza kwa kukaa kimya. "Umevaa sketi ya nani?"

"Yangu."

"Wanaume hawavai sketi."

"Kuna nchi wanavaa. Ukila kijiko kimoja nitakuonyesha nyuma ilivyokunjwa."

Akafikiri. Kisha akafungua mdomo.

Baada ya marinda tukaenda kwenye rangi. Kijani, kijiko. Buluu, kijiko. Mstari mwembamba wa njano ambao hakuuona mpaka nilipousogeza karibu na taa, vijiko viwili. Mke wangu alikuwa amesimama kando na bakuli, hacheki wala halii, anasogeza kijiko tu. Uji ulipoisha alitoka nje, nikamsikia anapenga kamasi kwa nguvu.

Tangu siku hiyo mtoto hakula bila kilti. Nilikubali, nikaweka masharti: mlango ufungwe, dirisha lifungwe, na asimwambie mtu. Nilikuwa nakula chakula changu mwenyewe nikiwa nimeivaa, sikio moja liko nje. Mtu akikohoa barabarani, nakimbilia suruali. Mke wangu aliniambia nimekuwa kama mwizi ndani ya nyumba yangu.

Watoto wa majirani walikuwa wamekatazwa kuja kwetu kwa sababu ya ugonjwa. Waliporuhusiwa, binti yangu hakuwasimulia surua. Aliwasimulia kilti.

Jioni iliyofuata nilifungua mlango nichukue kuni, nikakuta watoto wamejipanga barazani wakijikinga mvua, wamekumbatia magoti. Nilikuwa nimeshaivaa. Hapakuwa na pa kukimbilia.

"Shikamoo Mwalimu," walisema kwa pamoja.

"Marahaba. Mnataka nini?"

Wakatazamana. Msichana mmoja wa darasa la pili, mtoto wa nyumba ya pili kutoka kwetu, akajibu kwa niaba yao. "Tumekuja kuangalia Uskoti."

Ningewafukuza. Hata leo nafikiri mtu mwenye busara angewafukuza. Lakini kwa miaka yote niliyofundisha sikuwahi kuona watoto wamekaa kimya hivyo bila fimbo. Niliwaingiza ndani na kufunga mlango.

Maswali yao hayakuwa na mwisho. Ukipanda mparachichi na kilti, wa chini wanaona nini? Ng'ombe akikufukuza utaweza kuruka mtaro? Marinda yako nyuma kwa nini, si mbele? Nikawaeleza habari za milima yenye ukungu, za kondoo na sufu zao, za mizizi na magome ya kutengenezea rangi. Nikawaambia kwamba zamani kila ukoo ulikuwa na mistari yake, mtu anakuona kwa mbali anajua u wa nani.

Hapo ndipo kilti ilipowaingia kabisa. Mtoto wa Kihaya anajua ukoo wake kabla hajajua kuhesabu, na anajua mwiko wa ukoo huo, mnyama wasiyemla.

"Sisi mwiko wetu ni pongo," alisema yule msichana wa darasa la pili. "Mistari yetu iwe ya kahawia na nyeupe, kama pongo mwenyewe."

"Sisi ni nyani," akadakia mwingine. "Nyani ana rangi gani?"

Wakabishana mpaka mvua ikakatika. Wakati wa kuondoka mvulana mmoja akauliza kama Waingereza nao wanavaa. Nikamweleza nilivyoelezwa na yule bibi: hapana, na kuna wakati Waingereza waliwashinda Waskoti vitani wakapiga marufuku kilti, mtu akikamatwa nayo anafungwa, lakini wenyewe waliificha, na marufuku ilipoondoka wakaitoa tena. Mvulana akasema "Kumbe," akatoka.

Kama lingeishia hapo nisingekuwa na la kusimulia. Baada ya wiki chache, siku ya kazi za mikono kwenye shamba la shule, wavulana walitokea wamevaa magunia. Walikuwa wameyakata magunia ya kahawa, wakayakunja marinda nyuma, wakayafunga kiunoni kwa kamba za migomba juu ya kaptula zao. Mistari waliichora kwa utomvu wa mgomba, kwa udongo mwekundu, kwa chokaa. Wengine walichukua kanga za mama zao. Wasichana nao hawakukubali kubaki nyuma. Walilima mahindi siku ile kwa bidii ambayo sijaiona tena, wakiimba, marinda yanarukaruka nyuma yao, na mimi nimesimama pembeni na jembe mkononi.

Mwalimu Mkuu aliniita ofisini. Alikuwa mtu mpole, mkubwa kwangu kwa umri, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu siku hiyo hakunikaribisha kiti.

"Mwalimu, huu ni mtindo gani?"

"Ni mchezo wa watoto, Mwalimu Mkuu."

"Nimewauliza nani kawafundisha. Unajua wamejibu nini? Wote kwa sauti moja: Mwalimu wa siasa." Akashusha sauti. "Mzazi mmoja amekuja hapa na kanga yake imepakwa utomvu. Huyo nimemtuliza. Lakini hizi rangi za koo je? Chama kinasema ukabila na ukoo vife, sisi sote ni ndugu, halafu watoto wa shule yangu wanalima kwa mistari ya ukoo. Katibu akipita hapa, mimi nitasema sikujua. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Nilimwambia mke wangu. Alikuwa anamenya ndizi, akaendelea kumenya mpaka ganda lote lilipoisha.

"Ichome," alisema.

"Ndiyo iliyomlisha mtoto."

"Na ukifukuzwa kazi, nani atamlisha?"

Nilikwenda mpaka jikoni, nikaishika juu ya mafiga. Sufu inanuka vibaya hata kabla haijaungua, na nikamfikiria yule mjane alivyoikunja siku ile, akipapasa kila rinda lilale mahali pake. Nikairudisha. Nikaamua kuipeleka kwa mama yangu Kagondo, ile ya Bukoba, si Kagondo ya huku kwetu Muleba. Pale hakuna ambaye angemuuliza mwanamke mzee ana nini chini ya kitanda.

Jumamosi nilipanda basi na binti yangu, kwa kuwa bibi yake alitaka kumwona baada ya ugonjwa. Kilti niliiweka ndani ya kikapu, juu yake nikapanga mkungu mdogo wa ndizi. Nilijiona mjanja. Tulipofika Muhutwe basi likasimamishwa. Mgambo walikuwa wanatafuta kahawa ya magendo, ile iliyokuwa inavushwa Uganda, na kila mzigo ulishushwa na kufunguliwa.

Mgambo aliyefika kwangu alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya uchovu. Aliinua ndizi, akaingiza mkono, akavuta. Kilti ikajikunjua mbele ya watu wote.

"Hii ni nini?"

"Blanketi," nilisema. "Nampelekea mama yangu. Anaumwa na baridi."

"Siyo blanketi," alisema binti yangu, kwa sauti ya kunisaidia. "Ni kilti ya Tata. Inavaliwa hivi." Akaichukua kutoka mkononi mwa mgambo, akaanza kujizungushia. "Marinda yanakuwa nyuma. Huu mstari wa njano huuoni mpaka uisogeze karibu. Uone."

Yule mgambo aliinama, akaona. Abiria walishaanza kusogea. Mkubwa wao akaja, mtu wa makamo mwenye kofia ya jeshi, akaniuliza kwa nini nimedanganya. Nikasema niliogopa. Akasema mtu asiye na kosa haogopi, na kwamba kama ni vazi, basi nilivae walione. Nikaivaa juu ya suruali, kandokando ya barabara, nikashindwa kufunga mkanda. Binti yangu akaufunga. Watu walicheka sana. Mama mmoja akapiga kigelegele. Binti yangu alikuwa anawaeleza watoto wa basini, mmoja baada ya mwingine, kwa fahari, na mimi nilikuwa nayaangalia magoti yangu, naikumbuka ile suruali iliyochanwa stendi.

Yule mkubwa hakucheka. Alinizunguka. Akatazama kama kitambaa kinafika gotini, kikawa kinafika. "Unafanya kazi gani?"

"Mwalimu."

"Shule gani?"

Nikamtajia. Akairudia kwa mdomo kama mtu anayeihifadhi kichwani, akaturuhusu tuondoke.

Mama yangu aliipokea kilti bila swali, akaitandika kitandani pake, akasema ni nzito, itamfaa. Usiku ule nililala vizuri. Lakini nilipopanda basi kurudi nilikumbuka kuwa yule mtu anajua shule yangu, na usingizi ukaishia hapohapo.

Zikafuata wiki za kusubiri. Kila gari lililonguruma kwenye kilima nililisikia kabla ya wanafunzi. Nilianza kufundisha siasa kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Watoto niliwakataza kuja na magunia shuleni, wakatii mbele yangu, wakaendelea nyuma ya nyumba zao. Binti yangu alikuwa anakula vizuri sasa, amenenepa mashavu, na aliniuliza kwa nini mimi ndiye nisiyekula.

Landrova ya Chama ilifika asubuhi tuko mstarini. Katibu alishuka. Alikuwa mtu mfupi, mtulivu, suti ya Kaunda imepigwa pasi. Alisalimiana na Mwalimu Mkuu, kisha akauliza, bila kupandisha sauti, "Yule ndugu mwenye sketi ni nani?"

Nikasogea mbele.

"Iko wapi?"

"Iko Bukoba, Ndugu Katibu."

"Na hawa watoto wana zao, nimeambiwa."

Sijui kama alikuwa anauliza. Watoto walichukua kuwa ni amri. Wanaokaa karibu walitimua mbio, Mwalimu Mkuu anawaita, hawasikii. Wakarudi wanahema, wamevaa magunia, wakajipanga mbele ya bendera. Nilitamani ardhi inimeze.

Katibu aliwapitia taratibu. Akasimama mbele ya yule mvulana aliyewahi kuniuliza habari za Waingereza.

"Hii ni nguo ya wakoloni, sivyo?"

"Hapana, Ndugu Katibu," alijibu mvulana, amekaza mikono ubavuni. "Wakoloni waliwakataza Waskoti kuivaa. Ukikamatwa nayo unafungwa. Wao wakaificha mpaka sheria ikaisha."

"Nani kakwambia?"

"Mwalimu."

Katibu akanitupia jicho, akahamia kwa msichana wa darasa la pili. "Na wewe, hii mistari ni ya ukoo wenu?"

"Hapana. Hii ni ya kwao," alisema, akimwonyesha rafiki yake. "Ya kwetu anayo yule pale. Tulibadilishana. Ya pongo ni nzuri, kila mtu anaitaka, kwa hiyo tunaivaa kwa zamu."

Mwalimu mmoja alicheka puani, akajizuia. Katibu aliinama, akashika pindo la gunia la msichana. Kisha akauliza magunia yametoka wapi. Watoto wakasema nyumbani. Akasema magunia ya kahawa ni mali ya ushirika, yafuliwe na yarudishwe yote, hata yaliyokatwa. Akaagiza pia kwamba Sikukuu ya Wakulima ikifika, watoto wacheze ngoma wamevaa ebishenshe, zile nguo za ukili walizovaa babu zao, na wazee watafutwe wa kuwafundisha kuzisuka. Akawaruhusu waingie darasani.

Mimi alinibakiza uani.

"Ndugu Mwalimu," alisema, "watoto hawa wanakusikiliza sana."

"Ninajitahidi, Ndugu Katibu."

"Hilo ndilo linalonitia wasiwasi."

Akapanda gari. Nimelifikiria neno hilo miaka mingi, na bado sijui kama alinisifu au alinionya.

Sikufukuzwa. Ngoma ya Sikukuu ilichezwa, binti yangu akiwa mstari wa mbele katika ukili uliomkwaruza mapaja, na watu walisema haijawahi kuonekana nzuri hivyo. Nilianza kupumua. Halafu mwisho wa mwaka nikahamishwa kwenda Bukoba, bila sababu yoyote. Mwalimu Mkuu alisema uhamisho ni kawaida ya kazi. Mke wangu alisema tushukuru, tutakuwa karibu na mama. Mimi niliulizia kwa huyu na yule, hakuna aliyenijibu, na baadaye nikaacha kuuliza kwa kuogopa kujibiwa.

Tulipata nyumba ya kupanga Rwamishenye. Siku tuliyohamia mama alikuja kwa miguu kutoka Kagondo, amebeba ndizi kichwani na kilti ameitupia begani kama shuka, barabara nzima. "Chukua kitu chako," aliniambia. "Panya wanaitaka." Akaiweka juu ya meza katikati ya sufuria na magodoro, mlango uko wazi.

Watoto wa mtaa walikuwa wameshakusanyika kuona wageni. Waliacha kutazama vyombo, wakawa wanaitazama ile sufu yenye mistari. Mdogo mmoja aliingia hadi ndani, akaigusa kwa kidole.

"Tata," alininong'oneza binti yangu, "tuwaonyeshe?"

Mke wangu alisimama na kitanda cha kamba mikononi, ananisubiri. Niliwatazama wale watoto, nikatazama barabarani nyuma yao, nani anapita.

"Ngoja kwanza," nilisema, "tuwajue wazazi wao."

Mtoto yule mdogo alikuwa ameshaanza kuhesabu rangi.